Mhamishe Samaki Kabla Kifuko Hakijapasuka

Wafugaji wa samaki wa baharini huniuliza swali moja kuliko mengine yote: madoa meupe yametoweka yenyewe, je, samaki amepona? Jibu langu halibadiliki. Hajapona. Madoa yakitoweka, ugonjwa umehama tu kutoka kwenye ngozi ya samaki na kwenda kwenye mchanga na mawe ya tangi, na huko ndiko unakoongezeka. Mtu aliyefurahi Jumatano kwa kuwa kangaja wake amekuwa safi huamka wiki inayofuata na kukuta tangi zima limeambukizwa: samaki wanahema kwa kasi, wanajikwaruza kwenye mawe, wamekataa chakula. Nimeona watu wazuri wakiacha kabisa kufuga baada ya pigo la namna hii, na inaniuma, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu haihitaji duka la dawa. Inahitaji vyombo viwili vya plastiki, chumvi, na mtu anayeheshimu saa.

Ili uiamini njia hii, lazima kwanza umjue adui. Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans. Mjapani Sikama alikieleza mwaka 1937, na mwaka 1951 Brown akakipa jina linalotumika hadi leo. Ni kiumbe cha seli moja. Kikimpata samaki hujichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua, kikaanza kula na kunenepa. Lile doa unaloliona kama punje ya chumvi ni kimelea kimoja kilichoshiba, pamoja na ngozi iliyotuna juu yake. Kwenye matamvua madoa hayo huyaoni, na huko ndiko yanakoua.

Kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha kikijichomoa hudondoka, aghalabu usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hutambaa kwa saa kadhaa kikitafuta mahali, hujishikiza kwenye jiwe, kioo, bomba au hata gamba la konokono, na kujijengea kifuko kigumu. Ndani ya kifuko kinajigawa mara nyingi, na kifuko kimoja kinaweza kutoa vimelea vichanga zaidi ya 200. Vichanga hivi huogelea kumtafuta samaki. Visipompata ndani ya siku moja au mbili, vinakufa.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika, na ushauri wangu wote umejengwa juu yake. La kwanza, kimelea hiki hakiwezi kuzaana kikiwa juu ya samaki. Ni lazima kishuke. La pili, kikishashuka na kujifungia, kifuko hakipasuki kabla ya siku 3 kupita. Vingi hupasuka kati ya siku ya 4 na ya 8, na vichache hukawia sana, lakini hakuna kinachowahi chini ya saa 72. Basi ukimtoa samaki kwenye chombo kabla ya saa hizo kutimia, ukamweka kwenye chombo kingine kisafi chenye maji mapya, vifuko vyote alivyodondosha vimebaki nyuma. Vitapasuka mahali pasipo na samaki, au havitapasuka kabisa kwa sababu umekwishavianika juani. Rudia hivyo mpaka kila kimelea kilichokuwa mwilini kiwe kimeshuka, na samaki amebaki bila kimelea hata kimoja, bila tone la dawa.

Angelo Colorni, mtafiti aliyefanya kazi Eilat kwenye Bahari ya Shamu katika miaka ya 1980, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuithibitisha njia hii. Samaki aliowashughulikia hawakuwa wa mapambo, walikuwa wa kufugwa kwa ajili ya chakula. Mahamisho manne, kila moja baada ya siku 3, yalitosha.

Naipenda njia hii kwa sababu inamrudishia samaki kile alichokuwa nacho baharini. Kwenye mwamba, kimelea hikihiki kipo. Samaki wanaovuliwa na wapiga mbizi wetu kuanzia Kilifi hadi Shimoni kwa ajili ya soko la akwariamu hubeba vichache bila kuonekana wagonjwa. Lakini kifuko kikidondoka mwambani, mkondo na maji makubwa vinakitenga na samaki. Kinapopasuka, samaki yuko kwingine. Ndani ya tangi la lita 300, samaki hulala usiku wote kwenye tundu lilelile alilodondoshea vimelea, na vichanga vinapotoka, yupo hapo hapo amelala.

Kwa mfugaji wa huku kwetu kuna sababu nyingine. Dawa ya shaba inafanya kazi, sibishi, lakini lazima kipimo chake kikae palepale, kati ya miligramu 0.15 na 0.20 za shaba huru kwa lita. Chini ya hapo haiui, juu ya hapo inamdhuru samaki. Bila kipimo kizuri cha shaba, na vipimo hivyo ni adimu na ghali Nairobi au Dar es Salaam, unabahatisha na uhai wa kiumbe. Kupunguza chumvi ya maji nako hudai kifaa sahihi cha kupimia na uangalizi wa wiki kadhaa. Vyombo vya plastiki viko kila soko.

Tafuta viwili vinavyofanana, vya lita 40 hivi kwa samaki mmoja au wawili wadogo. Kangaja aliyekua mpe lita 80 au zaidi. Vinunue vipya, visivyowahi kuwekwa sabuni. Kila chombo kiwe na hita yake, bomba lake la hewa na kipimajoto chake. Ndani weka vipande vya bomba la PVC ili samaki ajifiche. Usiweke mchanga wala jiwe, na usichukue sponji ya filta kutoka tangi kuu ukidhani unasaidia, maana utakuwa umebeba vifuko kwa mkono wako. Samaki wanaolala wakiwa wamejifukia mchangani, kama baadhi ya pono wadogo na jamaa zao, wawekee mchanga mpya kwenye bakuli, na kila unapohama mchanga huo utupwe.

Hesabu ya chumvi ifanye mapema. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 kwa lita. Chombo cha lita 40 utakijaza mara 5, jumla lita 200, yaani kilo 7 za chumvi ya akwariamu na zaidi kidogo. Ikiishia njiani umeharibu kazi yote, kwa hiyo inunue yote kabla hujaanza. Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar atauliza kwa nini asichote maji baharini bure. Anaweza, ila maji mabichi ya bahari yanaweza kuleta kimelea kilekile unachokikimbia. Yachote bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, wala si katikati ya masika. Yachuje, yatie klorini, yakae, kisha klorini iondolewe kwa thayosalfeti ya sodiamu hadi kipimo kisome sifuri. Kama huna vifaa vya kufanya hivyo, tumia chumvi ya kuchanganya.

Sasa ratiba. Tuseme samaki ameingia chombo cha kwanza Jumatatu saa 2 asubuhi. Atahama Alhamisi, Jumapili, Jumatano na Jumamosi, kila mara asubuhi. Asubuhi nimeichagua kwa makusudi. Vimelea hudondoka zaidi usiku, na vichanga navyo hutoka kwenye vifuko zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 3 asubuhi. Ukihamisha asubuhi, samaki ameshapata usiku mzima wa kudondosha, na vile vifuko vya usiku wa kwanza bado havijatimiza siku 3. Ukisema "nitahamisha jioni nikitoka kazini", halafu foleni ikakuchelewesha, halafu ukaamua iwe kesho, umeshavipa vifuko usiku wa kupasuka, na hesabu yote inaanza upya siku ya kwanza. Sisemi hili kumtisha mtu. Kuwahi saa mbili au tatu hakuna ubaya wowote. Kuchelewa ndiko kunakoua njia hii. Ukiwa na safari au msiba, panga na mtu wa nyumbani kabla, umwonyeshe kwa vitendo.

Jioni ya kuamkia uhamisho, changanya maji mapya na uyaache yakitiwa hewa usiku kucha. Asubuhi pima vyombo vyote viwili. Joto lisipishane kwa zaidi ya nyuzi 1. Mimi hupendelea 25 au 26. Chumvi ilingane kabisa. Maji ya zamani huwa yamekolea kidogo kwa sababu ya mvuke, basi ongeza maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo tangu jana yake hadi yashuke kwenye kipimo cha maji mapya. Usipoacha tofauti, huhitaji kumzoesha samaki taratibu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kumzoesha kunachanganya maji ya vyombo viwili.

Kumkamata kwenyewe ndiko wengi wanakokosea, hasa kwa kangaja. Pembeni mwa mkia wake ana mwiba mkali kama kisu kidogo, upande huu na huu. Ukimsomba kwa kimia, mwiba unanasa kwenye nyuzi, anapigapiga, ngozi inachubuka na mwiba unaweza kung'oka. Badala yake zima taa, punguza maji hadi yabaki robo, toa vipande vya PVC kimoja kimoja ukihakikisha hajajificha ndani, kisha msukume polepole kwa kimia mpaka aingie kwenye chujio pana la plastiki, lile la kuchujia tambi au kuoshea mboga. Linyanyue, maji yote yachuruzike, na ndani ya sekunde mbili tatu samaki yuko kwenye chombo kipya. Usimmimine pamoja na maji. Chujio hilo halitumiki tena mpaka likauke. Mikono yako nayo ioshe na uifute kabisa kabla hujagusa chochote kwenye chombo kipya, maana mkono uliolowa unabeba kile kile ambacho sponji ingebeba.

Chombo kilichoachwa kina siku 3 za kuwa tayari tena. Mwaga maji, sugua, loweka vyombo vyote, hita na mabomba kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa kumi ya maji, suuza sana, kisha anika. Kukauka ndiko kunakoua kwa uhakika, na kukauka maana yake ni kukauka kabisa, hadi ndani ya mabomba na chini ya mpira wa hita, kwa saa 24 au zaidi. Jua la pwani linafanya kazi hii vizuri. Wakati wa masika, au kule kwenye baridi ya Limuru na Arusha mwezi wa Julai, vitu vyenye vinyweleo havikauki kwa wakati. Jiwe la hewa ndilo baya kuliko vyote. Litupe kila unapohama, au usilitumie kabisa. Mpira mtupu unaotoa mapovu makubwa unatosha.

Tatizo linalobaki ni amonia. Chombo hakina bakteria wa kusafisha maji, na samaki anaendelea kula na kunya. Maji ya bahari, kwa kuwa pH yake ni karibu 8.2, huifanya sehemu kubwa ya amonia kuwa sumu kuliko ilivyo kwa maji baridi. Mlishe kidogo, uduvi mara mbili kwa siku na kipande cha mwani kwa kangaja, na unyonye mabaki dakika chache baada ya mlo. Pima amonia kila jioni. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha nusu ya maji kwa maji mapya yanayolingana, au mhamishe kabla ya siku yake. Umeme ukikatika, adui wa kwanza ni kukosa hewa na wala si joto. Pampu ndogo ya betri iwe karibu, na betri zake zijaribiwe.

Lipo jambo la ziada kwa samaki aliyesafiri kwenye mfuko, mathalani kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki imeshusha pH, na amonia iliyojaa humo imelala bila makali. Ukifungua mfuko na kuanza kudondosha maji mapya tone kwa tone kwa saa nzima, pH inapanda na amonia inageuka sumu samaki akiwa bado ndani yake. Uliza mapema chumvi ya maji ya muuzaji, andaa chombo cha kwanza kwa kiwango hicho hicho, acha mfuko uelee dakika 15 au 20 joto lilingane, kisha mtoe samaki moja kwa moja. Chumvi utaipandisha polepole katika siku zinazofuata. Ushauri wangu ni kila samaki mpya apitishwe kwenye mahamisho haya, awe na madoa au asiwe nayo. Kangaja wa buluu wa Bahari ya Hindi, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, ni wa kwanza kushikwa kila ugonjwa huu unapopita, na kumwingiza tangini bila karantini kwa sababu "anaonekana mzima" ni kumwonea.

Nisije nikakuacha ukidhani njia hii inatibu kila kitu. Inafanya kazi kwa kimelea ambacho lazima kishuke, kijifungie, na kisubiri siku 3. Kisichofuata utaratibu huo hakijali mahamisho yako.

Hatari kubwa zaidi ni Amyloodinium. Madoa yake ni madogo mno, kama vumbi la rangi ya dhahabu linaloonekana ukimulika tochi pembeni, na mara nyingi samaki hufa kabla hujayaona. Dalili ya mwanzo ni pumzi: anahema haraka, anakaa kwenye mkondo wa pampu, anakimbia mwanga. Vichanga vyake huishi majini muda mrefu zaidi, na ratiba ya siku 3 si ya kutegemea. Hapa shaba haiepukiki, au klorokwini, ndiyo, ile ile tuliyokuwa tukimezeshwa kwa malaria. Usisubiri madoa. Samaki aliyekuwa akila jana na leo anahema juu juu hana siku nyingi.

Samaki wa shakayungu, yaani wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe wanaoishi ndani ya maua ya bahari, hupatwa na Brooklynella, kimelea kinachojigawa hapo hapo juu ya ngozi. Ute mzito mweupe unabambuka mwilini vipande vipande. Utamhamisha samaki mara kumi na kimelea kitahama naye. Dawa yake ni kuoga kwenye formalini, kwa vipimo vya lebo na hewa nyingi.

Halafu kuna minyoo bapa ya ngozi na macho. Mayai yake hunata na huanguliwa kwa ratiba nyingine. Habari njema ni kwamba unaweza kuishughulikia ndani ya mahamisho haya haya, kwa kutia prazikwanteli, dawa tunayoijua kwa kichocho, kiasi cha miligramu 2.5 kwa lita, kwenye chombo cha pili na tena cha nne, ili awamu ya pili iwapate walioanguliwa baada ya ya kwanza. Tafuta unga halisi. Vidonge vya binadamu vina viambata vingine na huyeyuka vibaya. Siku dawa ikiwa majini ongeza hewa.

Na msomaji aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi anisikilize hapa. Ugonjwa wa madoa meupe wa maji baridi unasababishwa na kiumbe kingine, na ule utaratibu wa kupandisha joto na kutia chumvi hautakusaidia baharini. Joto la nyuzi 30 humpunguzia oksijeni samaki ambaye matamvua yake tayari yameharibika, na vifuko vinafurahia.

Wakati samaki wanahama, tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja. Huyu mdogo aliyejificha nyuma ya mawe, ambaye umeshindwa kumkamata na unasema "yeye hana shida", atawalisha vimelea miezi yote hiyo. Mtoe, hata kama itakulazimu kutoa mawe. Matumbawe, kamba na konokono wabaki. Hawaambukizwi, ingawa vifuko vinaweza kushikamana na magamba yao, na kwa sababu hiyo usiongeze kipya chochote katika kipindi hicho. Vifuko vilivyochelewa vimewahi kupasuka baada ya siku 72, kwa hiyo wengi tunasubiri 76. Ni muda mrefu na utashawishika kuukata. Wapo wanaoridhika na wiki 6, na mara nyingi wanapona. Mimi siwezi kumshauri mtu abahatishe baada ya kazi yote hiyo. Endelea kuwasha taa na pampu, na tupia punje kidogo za chakula kila baada ya siku chache ili bakteria wa filta wasife njaa.

Baada ya uhamisho wa nne, samaki asirudi vyombo vya zamani. Mpeleke kwenye tangi la uangalizi lenye filta iliyokomaa kwa bakteria wasafi, mbali na tangi kuu kwa mita 3 au zaidi, kwa kuwa matone ya mapovu hurushwa hewani na kuvuka. Ndoo, kimia na vitambaa vya huko visivuke kwenda kule. Mwanzie chakula cha kutosha sasa, maana amekonda. Siku 76 zikitimia tangi kuu, warudishe samaki wote siku moja, taa zikiwa zimezimwa, na mawe umeyapanga upya kidogo. Kangaja aliyetangulia hata kwa siku mbili hujimilikisha tangi zima na kumfukuza kila anayeingia nyuma yake.